Nambari ya Uwanja wa Kilvarra

Galway, Jumapili, 6 Julai 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nimekula, dirisha nalifunga nikilala, na lile koti ulilonipa bado nalivaa, maana huku Julai ni jina tu.

Nina habari. Nimepewa uwanja! Safari hii simshikii mtu kamba ya kupimia. Jina litakaloandikwa chini ya ripoti ni langu peke yangu. Ni uwanja wa klabu ya Kilvarra, mji mdogo ulio mwendo wa saa moja kwa basi kutoka hapa. Kazi yangu ni kusema watu wangapi wanaweza kuingia siku ya mechi. Nambari nitakayoitia saini itakwenda kwa halmashauri na kwa shirikisho la mpira, na klabu haitatoa tiketi hata moja zaidi ya hapo.

Wewe umesimama mlangoni mwa uwanja huko Dubai miaka thelathini na moja, kwa hiyo utanielewa upesi kuliko walimu wangu wote. Tunapima wangapi wanaweza kuingia kwa saa moja bila kusukumana, wangapi wanaweza kukaa au kusimama ndani kwa usalama, na wangapi wanaweza kutoka jukwaani kwa dakika nane. Nambari iliyo ndogo kuliko zote ndiyo nambari ya uwanja. Uwe na viti laki moja, kama njia ya kutokea inapitisha watu mia tano tu, basi una uwanja wa watu mia tano.

Kazi hii imekuja wakati wake. Miaka mingi Waayalandi waliidharau ligi yao wenyewe, wakawa wanakaa mbele ya televisheni kushabikia timu za Uingereza. Sasa wamerudi. Februari mwaka huu mechi moja tu ya ligi, pale Dublin, ilijaza watu zaidi ya elfu thelathini na tatu, na halijawahi kutokea jambo kama hilo katika ligi hii. Kilvarra nao wamefufuka. Karatasi za zamani zinasema uwanja wao unachukua 3,400, na mwaka huu kwa mara ya kwanza wanaona huenda wakajaza.

Nitaanza kupima Jumanne. Niombee. Na macho yako je? Mara ya mwisho uliniambia taa za sebuleni zimepungua nguvu. Uliita fundi?

Mwanao,
Nada

*

Oud Metha, Dubai, 13 Julai 2025

Kwa kipenzi changu Nada binti Taib, aliye mbali na macho na karibu na moyo,

Salamu nyingi zikufikie. Mimi mzima wa afya, isipokuwa joto, na joto la Dubai si ugonjwa, ni jirani.

Barua yako Cissy wa mapokezi, hapa kliniki ya chini ya jengo letu, kanichapishia kwenye karatasi kama kawaida, na hii yangu ataipiga picha akutumie. Nimeisoma mara tatu. Halafu nimeikunja nikaitia mfukoni nikenda nayo mkahawani, maana habari kama hii haikai ndani.

Nikawakuta jamaa wote wa baraza na chai zao za maziwa, za karak. Nikawaambia: "Bwana Sufyan, wewe kila siku unatusimulia mwanao meneja wa duka la simu. Mie binti yangu kapewa uwanja Ireland. Uwanja wa watu elfu thelathini na nne!" Wallahi wakaweka vikombe chini. Nikawaeleza kuwa Dublin pale mji mkuu waliingia elfu thelathini na tatu, nao wakafanya sherehe, basi wa kwetu unawapita kwa elfu nzima. Na mwenye kusema huyu aingie na huyu abaki ni Nada, yule yule mliyekuwa mkimnunulia sambusa hapa akitoka skuli. Zedekiya, yule kijana Mkenya mlinzi wa hoteli kule Marina, siku yake ya mapumziko huja kukaa nasi, akasimama akanipa mkono kwa mikono miwili. Akasema, "Mzee, hiyo si kazi ya mchezo."

Sasa nisikilize, nikupe ninachokijua mie. Usihesabu vichwa. Vichwa vinadanganya. Tazama mikono. Mtu akitaka kuinua mkono afute jasho usoni na asiweze, uwanja huo umejaa zamani, hata kama mwenye klabu anakwambia bado kuna nafasi.

Taa za sebuleni fundi kaja, kasema hazina kitu. Macho yangu hayana neno. Usitie fikira.

Baba yako akujivuniaye,
Taib Khelef

*

Dubai, 14 Julai 2025

Dada Nada,

Ni mimi Cissy wa kliniki. Unisamehe Kiswahili changu ni cha Kampala, lakini leo siwezi kutuma barua ya mzee bila kuongeza yangu.

Mzee haoni vizuri. Wiki iliyopita aligonga mlango wetu wa kioo na paji la uso, akaniambia ati kioo kimesafishwa kupita kiasi. Daktari wetu alimvuta ndani kwa nguvu akampima. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Daktari alisema operesheni ni ya dakika chache tu na anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mzee akasema atafikiria. Tangu hapo anapita mlango wa nyuma ili daktari asimwone.

Na ile barua yako nilimchapishia kwa herufi kubwa, lakini najua ulichoandika, na najua anachowaambia watu. Wewe uliandika elfu tatu na mia nne. Yeye ameona sifuri nyingi. Mimi sikuweza kumsahihisha, Dada. Alikuwa amefurahi sana, alinipa mpaka peremende.

Tafadhali usimwambie nimekuambia.

Cissy

*

Galway, Jumapili, 3 Agosti 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Nimekuwa Kilvarra siku nyingi kuliko nilivyokuwa nyumbani kwangu.

Uwanja uko kando ya mto. Upande wa magharibi pana jukwaa kongwe la mbao na bati, na chini yake ngazi za zege ambako watu husimama. Zamani upande ule ulikuwa na njia mbili za kutokea, moja ya barabarani na moja ya mtoni. Njia ya mtoni waliiziba kwa matofali miaka ishirini iliyopita, kwa kuwa watu walikuwa wakipenya bila tiketi, na nyuma ya ukuta huo sasa kuna nyumba za watu, hapafunguliki tena. Imebaki njia moja tu. Nimeipima mara sita. Ni nyembamba, Baba. Watu wawili wanene hawapishani.

Nambari yenyewe nitakuandikia ikishathibitishwa. Ninachojua ni kwamba lazima niipunguze ile ya zamani kwa zaidi ya theluthi.

Na mambo yamegeuka kuwa makubwa. Kilvarra wameshinda mechi ya kombe la nchi na wamepangiwa robo fainali nyumbani, dhidi ya klabu moja kubwa ya Dublin. Ni Jumapili, tarehe 14 Septemba, saa tisa alasiri. Tangu klabu ianzishwe hawajawahi kufika hapo. Madirisha yote ya mji yana bendera. Mwenyekiti, Bwana Fintan Geraghty, ambaye ana bucha karibu na kanisa, ananipungia mkono kila nikipita na kuniita "binti wetu wa nambari". Bado hajui. Hakuna anayejua ila mkuu wangu wa kazi. Nilipomwonyesha hesabu akasema, "Nada, kaangalie tena."

Sikujua kama anasema nihakikishe, au anasema nibadilishe. Sikumwuliza. Niliogopa jibu.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Na tafadhali, nenda ukapimwe macho. Sina sababu. Nimeota tu.

Nada

*

Oud Metha, Dubai, 10 Agosti 2025

Nada,

Hii barua yako nimeisomewa na Cissy, neno kwa neno. Nimemwambia asome kwa sauti, na alipofika kwenye ndoto yako akacheka, kisha akalia, kisha akasema yote. Basi tusidanganyane tena. Mie sioni vizuri. Wewe umejua tangu Julai.

Lakini acha kwanza nikugombeze, maana nina haki.

Alhamisi iliyopita mkahawani Sufyan katoa simu yake mbele ya watu wote. "Bwana Taib," akasema, "nimeutafuta uwanja wa binti yako. Kumbe ni elfu tatu na mia nne! Sifuri moja umeiongeza ya chumvi?" Watu wakacheka mpaka mwenye mkahawa akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia simu yake mbovu. Nikarudi nyumbani nikaitazama ile barua kwa kile kioo cha kukuzia alichokuwa akitumia mama yako kutunga uzi. Nikaona. Tatu, nne, sifuri, sifuri.

Mwezi mzima ulijua natembea na uongo mdomoni, ukaniacha. Ulinionea huruma. Mie sitaki huruma ya mtoto wangu, Nada. Niambie ukweli nikasirike, nitakula, nitalala, nitaamka. Usiniache niitwe muongo mbele ya Sufyan.

Khalas. Limekwisha. Sasa nikujibu ulichouliza.

Wakumbuka ulipokuwa na miaka saba, mie nikaanza kurudi nyumbani mapema, tukawa tunapika pamoja chapati za jioni? Ulifurahi sana. Tulikwambia kuwa Baba kapandishwa cheo, sasa ni mkubwa wa stoo. Mama yako alijua kweli. Wewe nakwambia leo.

Ilikuwa fainali. Mlango wangu ulikuwa na nambari yake, imeandikwa kwa rangi ukutani, na vile vyuma vya kuzunguka vilikuwa vinahesabu. Nambari ilipofika nikafunga. Nje wakabaki watu wengi, na katikati yao wageni wa arbab wetu, yaani tajiri aliyetuajiri, na magari yao, na kanzu zao nyeupe kama karatasi. Arbab mwenyewe kaja. "Taib, yalla, fungua." Nikamwambia, "Arbab, ndani hapana nafasi." Akasema, "Mimi ndiye mwenye uwanja." Nikasema, "Naam, arbab. Na mie ndiye mwenye mlango." Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, mkono wangu juu ya mfuko.

Sikufungua. Mechi ikachezwa, ikamalizika, watu wakatoka. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Asubuhi yake nikapelekwa stoo kuhesabu mipira na koni, miaka miwili.

Na neno zito ni hili, mwanangu. Kwa kuwa hakuna aliyeumia, hakuna aliyejua kama nilikuwa sahihi. Hata mie sijui mpaka leo. Mtu akizima moto watu wanamwona. Aliyezuia moto usiwake, nani atamwona? Atasimama pale na ufunguo wake, watu wanamtukana, na mbele yake hamna kitu.

Nimefanya kazi miaka thelathini na moja, na katika siku zote hizo, ile niliyofukuzwa mlangoni ndiyo ninayoipenda. Sikuwahi kumwambia mtu.

Kaangalie tena kama ulivyoambiwa. Kisha andika ulichokiona.

Baba yako

*

Galway, Jumapili, 24 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Kuanzia leo kila nambari nitakuandikia kwa maneno, na kila ukweli nitakuambia siku yake.

Ukweli wa kwanza: nambari ya Kilvarra ni elfu mbili, mia moja na hamsini. Nilirudi nikapima tena kila ngazi, kila kizuizi cha chuma, kila mlango, siku mbili nzima. Haikubadilika. Nilipomwambia mkuu wangu akashusha pumzi akasema, "Nilikuwa natamani uwe umekosea, lakini sikukutaka useme uongo." Akatia saini yake chini ya yangu.

Ukweli wa pili: barua yako niliisoma ndani ya basi, na mwanamke wa kiti cha pili akanipa kitambaa bila kuuliza. Ningejua ulifika stoo kwa njia ile, nisingewaringia wenzangu skuli kwamba baba yangu anagawa mipira. Ningewaringia kwa jambo kubwa zaidi.

Ukweli wa tatu ni wa mkutano. Ulikuwa Alhamisi katika ukumbi wa klabu. Watu kama sitini, wote wa Kilvarra, wengine wameshavaa jezi. Niliposoma nambari, ukumbi ulinguruma. Bwana Geraghty alisimama, uso umekuwa rangi ya nyama zake.

"Babu yangu alisimama kwenye jukwaa lile na watu elfu tano!" akasema. "Elfu tano, na hakufa mtu!"

"Walikuwa na njia ya mtoni, Bwana Geraghty," nikamwambia. "Nyinyi mmeijengea ukuta."

"Tumengoja mechi hii maisha yetu yote, halafu anakuja mtu kutoka Dubai kutuambia nusu ya mji ibaki nje!"

Nilitaka kumjibu kwa hesabu, lakini aliinuka mama mmoja mzee, Bríd, mwenye kuuza tiketi dirishani tangu kabla sijazaliwa. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi ndiye nitakayewatazama watu usoni niwaambie hakuna tiketi. Basi nipe sababu kwa maneno ninayoweza kuyasema dirishani. Hizi hesabu zako siwezi kuzisema."

Nikafikiri ungefanya nini wewe. Nikawaomba wote watoke ukumbini waingie katika ile njia ya kutokea. Walinung'unika lakini walikuja. Watu sitini, Baba, na njia ikajaa toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha nikasema, "Mwenye kuweza kuinua mikono yote miwili afute uso wake, ainue." Waliokuwa katikati hawakuweza. Bwana Geraghty alikuwa katikati.

Nikawaambia, "Hapa mko sitini, na hakuna anayekimbia. Karatasi za zamani zinataka nyuma yenu, kwa jukwaa hili peke yake, wawepo elfu mbili."

Hakuna aliyenipigia makofi. Waliondoka mmoja mmoja. Bríd alibaki. Akasema, "Sawa. Hayo nitaweza kuyasema." Halafu akaniambia mjukuu wake mwenyewe ni mmoja wa watakaokosa.

Tangu siku ile duka la mkate wananihudumia bila kunitazama. Bendera bado zipo madirishani, lakini watu wakiniona wanageukia upande mwingine. Naumia, sikufichi. Ila nikilala silali na kitu kifuani.

Sasa nakuomba. Mechi itaonyeshwa kwenye mtandao, hata nyinyi huko mtaiona. Kwenu itakuwa saa kumi na mbili jioni. Nataka uione kwa jicho lako. Si kwa kusimuliwa na Sufyan.

Mwanao,
Nada

*

Dubai, 7 Septemba 2025

Dada Nada,

Amefanya! Jana asubuhi, jicho la kulia.

Alikuja mwenyewe mlango wa mbele, amevaa kofia yake nzuri. Daktari akamwuliza, "Mzee, umeshafikiria?" Akajibu, "Nina mechi Jumapili ijayo. Toa." Zedekiya alibadilisha zamu yake akaja kumshika mkono. Mzee akamwambia amwache, yeye si bibi harusi. Lakini kabla ya kuingia nilimwona mwenyewe ameushika ule mkono kwa nguvu.

Leo tumetoa bandeji. Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Cissy, kumbe una alama shavuni." Nikamwambia ninayo tangu utoto. Akasema, "Nzuri."

Halafu akasoma barua yako ya Agosti peke yake, pale pale kwenye benchi ya wagonjwa, akanyoosha kidole chini ya kila mstari. Aliikunja akaiweka upande wa moyo.

Cissy

*

Galway, Jumanne, 16 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Najua mechi umeiona, lakini kuna ambayo kamera haikuyaona.

Niliingia uwanjani saa tano asubuhi, na fulana ya rangi ya chungwa yenye jina la kazi yangu mgongoni, ili anayetaka kunitukana asinitafute. Saa nane na nusu watu wote elfu mbili, mia moja na hamsini walikuwa ndani. Mlango ukafungwa. Nje walikuwa mamia. Wengine walipanda juu ya ukuta wa kanisa.

Dakika kumi kabla ya mpira kuanza, Bwana Geraghty akaja mlangoni na wageni wake ishirini, wafanyabiashara wanaofadhili jezi. Alisema, "Ni ishirini tu, Bríd. Ishirini watabadilisha nini?" Nilikuwa mbali, nikaanza kukimbia. Sikuhitaji. Bríd alikuwa amesimama na mgongo wake kwenye komeo, kimo chake kinanifikia begani. Nilimsikia akisema, "Fintan, ukitaka kuleta ishirini, nenda ndani uchague ishirini wa kuwatoa. Anza na mama yako, yuko safu ya pili."

Wale wageni walicheka wenyewe, wakaenda kutazama mechi kwenye baa ya jirani.

Uliona tulivyosawazisha. Uliona na penalti yao ya dakika ya tisini, iliyotutoa. Nilikuwa nimeegemea kizuizi, na mzee mmoja nisiyemjua alilia begani mwangu bila kujua mimi ni nani.

Halafu mvua ikaja. Kamera ziliishia hapo, nadhani. Si manyunyu ya kawaida ya huku, ilikuwa mvua ya kumwaga ndoo, na filimbi ya mwisho ikalia wakati huo huo. Timu imetolewa, mvua inapiga, hakuna mwenye sababu ya kubaki. Watu wote wa jukwaa la magharibi waliinuka kwa pamoja wakashuka kuelekea ile njia moja.

Nilibonyeza saa yangu. Niliiona njia ile ikijaa, Baba, kama ilivyojaa siku ya mkutano, lakini safari hii wanasukumwa na walio nyuma, wameinamisha vichwa. Palikuwa na mama aliyebeba mtoto mchanga ndani ya koti. Palikuwa na babu mwenye mkongojo. Dakika ya nne zege lilikuwa linateleza, mtu mmoja akaanguka. Watu wakasimama. Palikuwa na nafasi ya kusimama. Palikuwa na nafasi ya kuinama na kumshika mkono na kumwinua. Akainuka, akatukana mvua, akaendelea.

Mtu wa mwisho alipotoka saa yangu ilisema dakika saba na sekunde hamsini.

Nilibaki pale nimelowa chepechepe nikafanya hesabu kichwani, ingawa sikutaka kuifanya. Watu elfu moja, mia mbili na hamsini zaidi, nyuma ya yule aliyeanguka. Nikakaa kwenye ngazi.

Nilipoinua uso Bríd alikuwa amekaa pembeni yangu, na mfuko wa plastiki kichwani. Alikuwa ameyaona yote. Hakunishukuru, wala sikumtazamia. Alisema tu, "Mama mwenye mtoto ni mpwa wangu."

Kisha tukakaa. Uwanja mzima ulikuwa mtupu, hamna kiatu kilichoanguka, hamna kitu. Nilikuwaza wewe wakati ule, na ufunguo wako. Uliniandikia kuwa hujui mpaka leo kama ulikuwa sahihi. Baba, ulikuwa sahihi. Nimekuona ukiwa sahihi kwa macho yangu, miaka ishirini na mbili baadaye, katika nchi ambayo hujawahi kuikanyaga.

Mwanao,
Nada

*

Oud Metha, Dubai, Ijumaa, 19 Septemba 2025

Kwa mhandisi Nada binti Taib, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe kwa jicho langu moja jipya. Mstari wa mwisho nimeurudia nisiseme mara ngapi. Nilikwenda kusimama dirishani, nikazitazama gari za chini. Mama yako kanifia akiniambia nisiiweke moyoni ile habari ya stoo. Niliiweka. Leo nimeitoa.

Sasa nikuhadithie na sisi. Mwenye mkahawa alituwekea mechi kwenye televisheni kubwa. Tulikuwa wanane. Kamera ilipopita juu ya jukwaa kongwe, zikaonekana safu za juu tupu kabisa. Sufyan akasema, "Mechi kubwa namna hii, na uwanja una mapengo!"

Nikasimama. Nikamwambia, "Bwana Sufyan, yale unayoyaita mapengo ndiyo kazi ya binti yangu. Tena uwanja si wa elfu thelathini na nne. Wala si wa elfu tatu na mia nne. Ni wa elfu mbili, mia moja na hamsini, na hiyo sikuitoa kwenye simu, kaiandika yeye na kaitia saini." Nikawaeleza njia ya mtoni, na ukuta, na mama wa tiketi. Mara hii hakucheka mtu. Sufyan akauliza, taratibu, "Na waliobaki nje, Taib, hawakumfanyia fujo?" Nikamwambia hilo bado sijui, nangoja barua.

Zedekiya naye alikuwepo, akayasikia yote. Jana, Alhamisi, kaja mkahawani na sare yake ya kazi, moja kwa moja kutoka Marina, hata kofia hajavua. Akasema, "Mzee, leo nimefunga mlango."

Hotelini kwao kulikuwa na karamu ya mchana katika ukumbi wa ghorofa ya juu. Kibao cha ukumbi kinasema watu mia tatu. Walipofika mia tatu kasimama mlangoni. Madam wa karamu kamwambia waachie tu waingie, wageni ni wazito. Zedekiya kasema, "Sorry, madam, ndani kumejaa." Madam kamwita meneja. Meneja kaja, kaangalia kibao, kaangalia ukumbi, kamwangalia Zedekiya. Akasema, "Endelea."

"Uliogopa?" nikamwuliza.

"Niliogopa sana, mzee. Lakini kitasa sikukiachia."

Nikamwagizia chai. Nikamwuliza, "Na wale waliobaki nje, walifanya nini?"

Kijana akavua kofia yake, akaiweka juu ya meza, akafikiri.

"Walikasirika, mzee," akasema. "Walikasirika vibaya sana. Halafu wakashuka chini wakaenda kula."

Baba yako,
Taib Khelef